Bunduki ya Babu Haikuwa Urithi wa Kawaida

Mtu anapofariki, warithi wake hukaa chini wakahesabu alichokiacha. Deni hulipwa, wasia hutekelezwa, kisha shamba hupimwa, mbuzi huhesabiwa na minazi hugawanywa kwa mafungu aliyoyaweka Mwenyezi Mungu. Kazi hiyo ina uzito wake, lakini njia yake inajulikana. Kipo, hata hivyo, kitu kimoja ambacho katika nyumba nyingi za bonde la Rufiji na mwambao wa kusini huwakuta warithi hawana jibu. Kitu hicho ni bunduki ya kuwindia, iliyolala darini miaka mingi, ambayo kila mtu nyumbani anajua kuwa ipo na hakuna anayependa kuitaja.

Sisi ni miongoni mwa warithi waliokutwa na jambo hilo. Tunaliandika si kwa sababu habari ya nyumba yetu ni ya ajabu, bali kwa sababu tunaamini ni ya wengi. Katika umri wa vizazi vitatu tu, bunduki hiyo hiyo moja iliheshimiwa kama jembe, ikatazamwa kwa mashaka kama ushahidi wa kosa, na hatimaye ikaogopwa kama nyoka aliyeingia ndani. Chuma hakikubadilika. Tuliobadilika ni sisi na dunia yetu, na inafaa tujiulize tulibadilika vipi.

Silaha ya mkulima

Babu yetu alilima mpunga bondeni na mihogo juu kwenye mchanga. Mwenye kuijua Rufiji anajua kwamba huko mkulima hulima mara mbili: mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa macho. Mpunga unapoanza kubeba, familia huhamia shambani, hujenga dungu juu ya miti, na kuamia usiku na mchana. Mchana ni ndege na nyani. Usiku ni kiboko atokaye mtoni na, zaidi ya wote, nguruwe mwitu.

Juu ya nguruwe huyu pana jambo ambalo wageni hawalitambui upesi. Sisi Waislamu hatumli, hatumuuzi, wala hatutafuti faida yoyote kwake. Kwa hiyo katika vijiji vyetu hakuna mtu anayemfuata porini kwa ajili ya kitoweo, naye huongezeka kwa raha zake. Kundi moja likiingia katika shamba la mihogo usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba hukuta matuta yamefumuliwa kama yamepitiwa na trekta. Huo ndio mwanzo wa njaa ya nyumba nzima.

Nyuma ya nguruwe huja mwingine. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu simba wala watu hapa Tanzania. Utafiti huo ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa tangu mwaka 1990, na sehemu kubwa ya misiba hiyo ilikuwa ya kusini na pwani. Watafiti walieleza jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kalamu: mashambulizi huzidi wakati wa mavuno, watu wanapolala katika vibanda vya shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe, na simba huwafuata nguruwe hao hadi kwenye vibanda. Mkulima anayelinda chakula chake ndiye anayegeuka kuwa chakula.

Katika hali hiyo babu alinunua gobole. Alilinunua kwa fedha za mavuno mawili ya pamba, akalikatia leseni kwa jina lake, na karatasi ya leseni akaihifadhi ndani ya mkebe pamoja na hati ya ndoa yake. Lilikuwa gobole la kushindiliwa kwa mdomo. Kwanza hutiwa baruti, kisha makumbi ya nazi, kisha marisaa, na kila hatua hushindiliwa kwa ufito wa chuma. Fataki huwekwa mwisho kabisa, mnyama akishaonekana. Risasi moja ilitaka utulivu wa dakika kadhaa, na aliyekosa shabaha hakuwa na ya pili mkononi. Silaha ya namna hiyo haikumfaa mtu wa hasira.

Gobole hilo lilikuwa la babu kwa jina, lakini kwa kazi lilikuwa la kitongoji kizima. Jirani akivamiwa usiku, alikuja kupiga hodi dirishani, na babu alitoka hata kama ni usiku wa mvua. Baruti ilinunuliwa kwa mchango wa wote. Mashamba ya wajane na ya wanawake ambao waume zao walikuwa mbali ndiyo yaliyopitiwa kwanza. Tukiwa watoto, hatukuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini fulani ana bunduki. Swali lililosikika lilikuwa moja tu: je, usiku wa leo iko upande gani?

Adabu ya kuibeba

Namna babu alivyoibeba ilikuwa darasa. Hakupita nayo sokoni. Hakuingia nayo kijijini ikiwa na fataki. Aliporudi alfajiri na kukuta watu wanaelekea msikitini, aliiacha kwanza nyumbani, akatawadha, ndipo akawafuata. Hakumpa mtu bunduki mkononi kabla ya kumwonyesha kuwa ni tupu, na mtutu wake ulitazama ardhi daima. Mtoto aliyeigusa alichapwa. Mtoto aliyeelekeza hata fimbo kwa mwenzake akijifanya anapiga risasi, naye alikemewa vikali.

Wakati huo tulidhani ni ukali wa uzee. Baadaye, tulipokaa mbele ya walimu wetu, tulifahamu yalikotoka. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, ili asimjeruhi Muislamu. Imepokewa pia kwamba alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwani hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Aliwakataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu kijiwe hakiui windo wala hakimzuii adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Na alimlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Babu hakuwa mwanachuoni. Aliyapokea mafundisho hayo kama alivyopokea kuswali: kwa kuwaona waliomtangulia wakiyatenda.

Hata windo halali alilifuata kwa taratibu. Sura ya Al-Maida imefungua mlango wa uwindaji na ikaufunga kwa aliye katika ihramu, kwa hiyo uwindaji si jambo lisilo na mipaka. Babu alitaja jina la Allah kabla ya kufyatua. Akimkuta swala au paa bado ana roho, alimchinja papo hapo. Akimkuta amekufa, alitazama jeraha: je, marisaa yamepenya, au mnyama ameanguka akavunjika shingo?

Neno lenyewe “bunduki” limebeba historia ya suala hilo. Katika vitabu vya kale vya fiqhi, bunduq ni kidonge cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde. Windo lililouawa kwa kidonge hicho lilihesabiwa kuwa limekufa kwa pigo, na haliliwi, kwa kufuata maana ya hadithi ya Adi bin Hatim: kinachopenya kwa makali huhalalisha, kinachogonga kwa ubapa hakihalalishi. Ilipokuja silaha ya baruti, wanavyuoni walilazimika kufikiri upya. Ash-Shawkani wa Yemen aliliandikia jambo hili katika tafsiri yake, akaona kwamba risasi hupasua na kupenya, na kwa hiyo windo lake ni halali likitajiwa jina la Allah. Tunalitaja hili ili ionekane kwamba Uislamu haukuikuta bunduki ukaiacha ijitawale. Uliiuliza maswali tangu siku ya kwanza.

Macho ya serikali

Tusidanganyike kwamba zamani watu walibeba silaha bila mtu wa kuwauliza. Tangu mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, Wajerumani walitunga sheria ya uwindaji iliyodai vibali na kutenga maeneo ya wanyama. Miaka 9 baadaye vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, na Kinjeketile wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuyeyusha risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Bibi zetu walipokuwa wakisema “risasi”, walilitamka neno hilo kwa sauti ya msiba. Mwafrika mwenye bunduki alikuwa mtu wa kuandikwa jina tangu wakati huo.

Baada ya uhuru, maisha ya mwenye gobole yalibadilika kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhama. Kufuatia mafuriko, mwaka 1968 na 1969 watu wa bondeni Rufiji walihamishiwa katika vijiji vya juu, mbali na mashamba yao ya mpunga. Nyumba ikawa huku, shamba likawa kule, na ulinzi wa usiku ukawa mgumu zaidi. Ya pili ilikuwa tembo. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini, marufuku iliyodumu hadi 1978. Hata hivyo, ujangili wa pembe uliendelea kukua. Katikati ya miaka ya 1970 pori la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki karibu 30,000. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai.

Hatuna neno la kuwatetea majangili. Waliwaua viumbe wa Allah kwa maelfu kwa sababu ya meno tu, mizoga ikaoza, na huko ni kufanya ufisadi katika ardhi. Lakini matokeo yake yalimwangukia pia asiyehusika. Gobole la kufukuzia nguruwe na bunduki ya kuulia tembo vikawekwa katika mizani moja. Bwana nyama alipofika kijijini, wenye leseni walitoka na karatasi zao mikononi huku mioyo ikidunda. Baadhi ya majirani walizika magobole yao shambani, wakaacha kulinda. Baba yetu, ambaye alikwisha kuomba leseni kwa jina lake baada ya babu kufariki, alianza kuibeba bunduki ile usiku tu, akiwa ameifunga ndani ya mkeka. Huo ulikuwa mwanzo wa kuona haya kwa chombo ambacho babu alikibeba kwa haki.

Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilirudisha hofu hiyo nchi nzima. Lengo lake, kuwanusuru tembo, lilikuwa jema. Lakini malalamiko ya mateso kwa raia yalikuwa mengi kiasi kwamba ilisitishwa, Bunge likachunguza, na mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 2015 sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi ikachukua nafasi ya ile ya 1991.

Miaka ya hofu

Kisha ikaja miaka ambayo watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga hawapendi kuisimulia. Hasa mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa kwa risasi, wengine milangoni mwa nyumba zao. Mwezi Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja Kibiti. Pikipiki zilizuiwa kutembea usiku katika wilaya hizo tatu. Magharibi ilipoingia, milango ilifungwa. Wapo waliochukuliwa wasirudi, na zipo nyumba ambazo hadi leo hazijui zimwombee mtu wao kama hai au kama maiti.

Ni katika miaka hiyo ndipo mtazamo wetu juu ya bunduki ulipogeuka moja kwa moja. Zamani mlio wa gobole usiku ulikuwa habari njema, maana yake ni kwamba fulani yuko macho na nguruwe wamekimbia. Sasa mlio wowote ulikuwa ni wa kifo. Mtu aliyejulikana kuwa na bunduki halali alijikuta katikati ya hofu mbili: wauaji wangeweza kuja kuitaka, na wanaowatafuta wauaji wangeweza kuja kuiuliza. Baba aliacha kulinda shamba. Msimu ule mihogo yote ya juu ililiwa na nguruwe, naye hakufyatua hata mara moja. Alituambia, “Bora tulale njaa kuliko jirani asikie mlio wangu akadhani ni wao.”

Maneno hayo yanaeleza zaidi ya sheria yoyote. Bunduki ilipoteza kazi yake siku majirani walipoacha kuutambua mlio wake.

Kikao cha warithi

Baba alifariki miaka michache baada ya hofu ile kupungua. Arobaini ilipopita tulikaa kikao, watoto wote na shangazi yetu, ambaye ndiye aliyebaki shambani. Mambo mengine yalikwisha kabla ya adhuhuri. Likabaki gobole.

Mmoja wetu alisema lirudishwe kwa serikali mara moja. Mwingine alisema liwekwe kama kumbukumbu. Ilibidi tukumbushane jambo ambalo familia nyingi hazilijui: thamani ya chombo yaweza kuwa sehemu ya tirka, lakini leseni ni ya mtu binafsi na haiteremki kwa damu. Mwenye leseni akifa, bunduki haigeuki kuwa ya mwanawe kwa sababu tu amekuta ufunguo. Kukaa nayo bila idhini ni kosa, hata kama haijawahi kumdhuru mtu, na hata kama nia ni kuwaenzi wazee.

Shangazi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Wanangu, nyinyi mnaiogopa bunduki kwa sababu mnalala mjini. Mimi huku naogopa nguruwe kwa ajili ya njaa, na simba kwa ajili ya roho yangu. Kama mnaiondoa, iondoeni. Lakini niambieni mnaniachia nini mahali pake.”

Hakuna aliyemjibu upesi. Alikuwa na haki. Ni rahisi kwa aliye mbali na pori kuiita silaha ni balaa, na kulala usingizi. Sheria ya Mwenyezi Mungu imeweka kuhifadhi nafsi na mali miongoni mwa makusudio yake makubwa, na mama mzee aliye peke yake kando ya msitu ana nafsi na ana mali.

Tulikubaliana hivi. Gobole lilipelekwa polisi pamoja na leseni ya marehemu na barua ya serikali ya kijiji, tukapewa stakabadhi. Hatukulizika wala kulificha, maana kufanya hivyo kungekuwa kumwachia mtoto wa mtu mtego ardhini. Kisha tukalichukua swali la shangazi kama deni. Tulimwombea sehemu katika eneo ambalo wakulima kadhaa wanalima kwa pamoja, mashamba yakigusana, ili ulinzi wa usiku uwe wa zamu. Tunachanga kila msimu ujira wa kijana wa kuamia. Upande ambao tembo hupita, wakulima wamefunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na namba za askari wa wanyamapori zimeandikwa ukutani kwa makaa.

Hatusemi kwamba hayo yametosha. Msimu wa kwanza nguruwe walichukua sehemu ya mihogo yake, na huzuni ya uso wake tuliiona. Msimu wa pili ulikuwa na nafuu. Tunachoweza kusema ni kwamba hatukuiondoa bunduki tukamwacha mtu mikono mitupu, na kwamba tumeanza kurudisha kile ambacho gobole la babu lilikuwa alama yake tu, nacho ni majirani kuitikiana usiku.

Mnunuzi wa leo

Jambo la mwisho lilitokea pale pale kikaoni. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye Allah amemfungulia riziki katika biashara mjini Dar es Salaam, alisema kwamba yeye anataka kununua bunduki mpya ya kuwindia. Si gobole, alikwisha iona dukani shotigani yenye kitako cha mti uliong'arishwa. Alisema rafiki zake wanazo, huenda porini mwisho wa juma kwa vibali, na mtu wa hadhi yake si vibaya kuwa nayo.

Hapa ndipo tulipouona umbali wa safari. Babu aliuza pamba ya misimu miwili ili asilale njaa. Mjukuu wake anaweza kununua silaha bora mara nyingi zaidi bila kupunguza chochote mezani kwake. Hata nyama ya porini haimlazimishi, kwani tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori, na atakaye swala anaweza kumnunua kwa risiti, baada ya kuuliza amechinjwa vipi. Hatumtuhumu mdogo wetu kwa ubaya. Uwindaji wa halali kwa kibali si dhambi, na mtu kuilinda nyumba yake si kosa. Wapo wafanyabiashara waliovamiwa, na hofu yao si ya kubuni. Lakini silaha nyingi zinazonunuliwa leo hununuliwa kwa ajili ya macho ya watu. Huonyeshwa kwa wageni sebuleni na kupigwa picha. Na nyumba yenye silaha iliyozoeleka kuonyeshwa ni nyumba ambamo siku moja mtoto atajua inakaa wapi, au ugomvi wa mume na mke utaikuta karibu. Gobole lilihitaji dakika kadhaa kabla ya kuua, na katika dakika hizo hasira ya mtu ilipata nafasi ya kupoa. Silaha ya leo haimpi mtu nafasi hiyo.

Shangazi hakumkataza. Alimuuliza tu, “Baba, ukishainunua, ni nani atakayekugongea usiku akuombe uende nayo?”

Mdogo wetu alicheka, kisha akanyamaza. Fomu ya maombi, alivyotuambia mwezi uliopita, bado iko juu ya meza yake.

Sisi tunaliona swali hilo kuwa mizani inayofaa kwa kila Muislamu anayefikiria kununua au kuendelea kubeba silaha. Ya babu ilikuwa ya mtu mmoja kwa jina, na amani yake ilikuwa ya wote. Tukinunua zile ambazo raha yake ni ya mtu mmoja na hofu yake ni ya wote, tumeipindua amana.

Kwa wazee wetu ambao bado wana bunduki za shamba, tunawaomba wasiuache mzigo huu mdomoni mwa kaburi. Waseme wangali hai: chombo kiko wapi, karatasi zake ziko wapi, na wanataka kifanyiwe nini. Waliandike katika wasia kama wanavyoandika madeni. Na kwa vijana waliokuta kitu darini au chini ya mti, kisicho na leseni wala mwenyewe, njia ya kukisalimisha ipo. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa msamaha, Septemba hadi Oktoba, kwa waliozirudisha kwa hiari silaha zisizo halali. Anayelo jambo kama hilo nyumbani amshirikishe imamu wake na mwenyekiti wake wa kijiji, waende pamoja mchana kweupe.

Na tukishaiondoa silaha katika nyumba ya mama mkulima, tusisahau kumuuliza alichosalia nacho. Mwenyezi Mungu atuhifadhie nafsi zetu, watoto wetu na mazao yetu, awarehemu waliotutangulia, na awarudishie amani watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Amin.